Tamaa Gani ya Kungoja Mzigo Wako?

Ijumaa iliyopita khatibu mmoja hapa Garsen alisema mimbarini kwamba anayeliwa pesa kwa simu ameliwa na tamaa yake mwenyewe. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilitoka pale nimekasirika, na hasira bado ninayo.

Tamaa gani? Ujumbe wenyewe ninao kwenye simu. Unasema mzigo wako umefika lakini hauwezi kuletwa, anwani haijakamilika. Bonyeza hapa, rekebisha, lipia ada ndogo. Hakuna aliyeahidiwa gari wala milioni. Mtu anaambiwa cha kwake kimekwama! Na ni nani Garsen mwenye anwani iliyokamilika? Nyumba zetu hazina nambari. Mzigo huandikwa jina, nambari ya simu na "Garsen", ukapakiwa basi la Mombasa, nawe ukangoja kupigiwa simu na mtu usiyemjua. Kila wiki tunapokea mizigo hivyo. Tapeli anaijua haja yetu, anatupigia vilevile.

Jirani yangu, muuza leso sokoni, alikuwa na mzigo njiani kweli, na alikuwa ameshaulipia. Akapigiwa: mzigo umeshushwa Minjila, tuma mia tano ya bodaboda. Akatuma. Simu ikazimwa. Leso zake zikafika jioni na basi lilelile la siku zote. Huyo ndiye mwenye tamaa? Alitaka mali yake aliyoinunua kwa jasho. Asimwambie mtu, kwa kuogopa maneno kama yale ya mimbarini, na siku chache baadaye shoga yake akaliwa na nambari ileile. Hiyo ndiyo kazi ya aibu tunayowabebesha watu: inamlinda mwizi.

Wengine wanasema waliosoma hawatapeliki. Nimelisikia hilo kwa vijana wenye vyeti ambao kila jioni wanamimina mshahara kwenye kamari za simu. Hao ndio wa kumfundisha mama wa watu akili ya pesa?

Na barabara nayo. Mafuriko ya Novemba 2023, kisha yale ya 2024, yaliikata njia ya Lamu pale Lango la Simba, mizigo ya Witu na Lamu ikakwama. Mtu aliyezoea mzigo kukwama ataachaje kuamini akiambiwa umekwama? Hata sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018 inamshika anayetuma ujumbe wa ulaghai. Haimshiki anayengoja mzigo.

Kwa hiyo badala ya kusimangana, tuambizane ya kufanya. Usipige nambari iliyo kwenye ujumbe. Mpigie aliyekuuzia, au nenda ofisi ya basi. Posta wenyewe wameshaonya kwamba jina lao linatumiwa na matapeli. Kifurushi kilichosajiliwa kutoka nje kina nambari yake: herufi 2, tarakimu 9, kisha herufi 2 za nchi. Ipeleke dirishani kwao wakuangalizie. Ada yoyote ilipe mzigo ukiwa mbele ya macho yako. PIN ya M-Pesa ni ya kutoa pesa. Hakuna mzigo unaopokewa kwa PIN, hata mmoja. Ujumbe wa tapeli, kama uko Safaricom, upeleke 333. Ukiwa umeshatuma pesa, ujumbe wa M-Pesa uwahishe 456 kabla tapeli hajazitoa, halafu nambari yake isome kwa sauti sokoni, majirani wote waisikie.