Mabulo 4 yaliyokosa kwenye ndege

Wengi wetu hatujapanda ndege hata siku moja. Lakini hii habari ya ndege inatuhusu sisi batu ya mgodi, juu wakati ajali inafika, neno la kwanza tunalosikia ni lile lile: «Mtumishi alikosa.»

Tarehe 5 Januari 2024, ndege Boeing 737 MAX 9 ya Alaska Airlines iliruka kutoka Portland, Marekani, na abiria 171. Ilipofika karibu metre 4.900 juu, kipande cha ukuta kinachoziba nafasi ya mlango kiking'oka chote. Viti 2 vya pale pembeni vilikuwa bure. Hakuna aliyekufa.

Wachunguzi wa serikali, NTSB, waliona kwamba mabulo 4 ya kushika kile kipande hayakuwapo. Kwenye kiwanda cha Renton, mwezi wa 9 mwaka 2023, kilifunguliwa juu ya kazi nyingine, kikarudishwa bila mabulo, na hakuna karatasi iliyoandikwa. Katika timu ya milango ya batu 24, mmoja tu alishafungua kipande cha namna ile, na yeye alikuwa kwenye konje. Wengine waliwaambia wachunguzi kwamba walisukumwa kufanya kazi ambayo hawakufundishwa.

Basi NTSB ilimwangushia nani kosa? Mwezi wa 6 mwaka 2025 ilisema: Boeing haikufundisha, haikuongoza na haikusimamia batu wake vizuri. Haikusema tafuteni fulani mumfukuze.

Na kuna hatari ambayo hata jicho la fundi halioni. Tarehe 17 Aprili 2018, ubao mmoja wa feni ya motere ya ndege ya Southwest Airlines ulikatika hewani, juu chuma kilichoka na kupasuka ndani polepole. Vipande vikavunja dirisha, abiria mmoja akafa. Kisha ikaamriwa mbao za motere za aina ile zipimwe kwa mashine ya sauti. Ufa ule unatafutwa na kipimo, na kipimo kinaomba saa na feza.

Sisi tuko na kamba ya kushusha batu chini, tuko na mwamba juu ya kichwa, tuko na breki za malori. Vyote vinachoka sawa ile motere. Tani za mwezi zikikawia, kitu cha kwanza kukatwa ni saa ya kupima.

Kodi ya Kazi ya mwaka 2002 inaomba komite ya usalama kazini. Delege wetu wapeleke pale maswali 3: nani alipima, lini, na karatasi iko wapi? Na lile la 4, kubwa kuliko yote: mtumishi akisema «simameni», atarudi kazini kesho?

Jibu la hilo la 4 liandikwe, litiwe sahihi, libandikwe mlangoni.