HAMIRA NAYO HUPOSA

Kuna wenzetu hapa shuleni ambao wakisikia neno hamira hukumbuka mandazi tu, na wakisikia chachu hukumbuka busaa kisha wakacheka. Mimi nasema wanakosa uhondo. Nimekata kauli kuandika juu ya posa za hamira, tena kwa Kiswahili, maadamu wapo wanaoshikilia kwamba lugha hii ni ya ngonjera na methali, ati mambo ya maabara haiyawezi.

Basi sikiliza. Seli ya hamira aghalabu huzaa kwa kuchipuza: huota kinundu, kinundu kikakua, kikajitenga. Hata hivyo zipo seli za aina mbili, a na alfa, na kila moja hutafuta mwenzake wa aina ya pili. Miguu hazina, macho hazina. Zitapatanaje? Kwa kemikali. Seli ya alfa humwaga kijipande cha protini chenye asidi amino 13. Ile ya a hutoa chake cha asidi amino 12, chenye mkia wa mafuta. Seli ikishanusa ujumbe wa mwenzake huacha kugawanyika, hupima ni upande upi harufu imezidi, kisha hujivuta kuelekea huko hadi umbo lake likawa kama peasi. Zikigusana huungana, zikawa seli moja yenye seti mbili za kromosomu. Njaa ikija, seli hiyo hufanya spora nne: mbili a, mbili alfa.

Lililonichekesha zaidi ni kwamba seli ya a hutoa pia kimeng'enya cha kuikatakata ile harufu ya alfa. Utadhani inajinyima! Kumbe harufu ikipunguzwa hivyo, ndipo inapojulikana aliye karibu ni nani. (Laiti wanaopiga kelele bwenini wangeyajua haya.)

Tena protini zinazonasa harufu hiyo ni za ukoo mmoja na zile zinazoiwezesha pua yetu kunusa na jicho kuona mwanga. Si jambo la mzaha.

"Sasa mkulima wa Moiben atafaidi nini?" mwenzangu aliniuliza. Swali zuri. Viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka wa 2017, mahindi yaliliwa vibaya, na mojawapo ya njia za kuwavizia ni mtego wenye chambo kinachoiga harufu ya nondo jike. Ni posa ile ile ya kemikali, ila sasa ni ya wadudu. Mtego hunasa madume, na hesabu yao humwambia mkulima wakati wa kukagua shamba. Jirani yetu mmoja, mzee ninayemheshimu, aliuning'iniza wake akidhani ni dawa ya kuwamaliza viwavi wote. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza kitupu. Alingoja, mtego ukajaa nondo, na huku majike yakaendelea kutaga mayai hadi majani ya mahindi yakabaki matundu matupu.

Kwangu mimi hapo ndipo penye kesi. Maneno hayakosekani: TUKI ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990, sisi hata hatujazaliwa. Chama chetu nacho kila muhula kinajadili mada zile zile, mwalimu na daktari nani bora! Napendekeza muhula ujao tuombe hadubini ya maabara, kijiko cha hamira, sukari na maji vuguvugu, kisha mtu asimame aeleze anachokiona. Hamira ya dukani aghalabu haitatuonyesha posa, kwani seli zake zimekwisha kuungana, lakini kuchipuza tutakuona. Na ile karatasi ya mtego wa mzee ninayo. Anayetaka tuitafsiri pamoja anione Ijumaa baada ya gwaride.