Mario Mpya Tumemwona Thika



Juma hili wasomaji wetu watatustahamilia. Tuliahidi kuendelea na mlango wa tohara ya mgonjwa, lakini barua za akina mama kuhusu likizo hii ndefu zimetuzidi, na nyingi zauliza jambo moja: gemu za televisheni ziingie nyumbani au zisiingie? Nasi tumerejea juzi kutoka Thika na Ruiru tukiwa na la kusema, tena la mtu aliyecheza mwenyewe, si la kusimuliwa.

Tukiri mapema kwamba katika kesi hii sisi si kadhi asiye na upande. Mario twamjua tangu miaka ya tisini, zilipoingia Mombasa zile mashine za bei nafuu zilizoigizwa, ambazo kaseti zake zilijitangaza kuwa na gemu maelfu, kumbe ni chache tu zikirudiwa kwa majina mengine. Fundi bomba huyu mwenye masharubu na kofia nyekundu alitokea katika Super Mario Bros. ya kwanza huko Japani mwaka 1985, mwaka ule ule watafiti wa kahawa walipotoa mbegu ya Ruiru 11. Kazi yake ni kukimbia kutoka kushoto kwenda kulia, kuruka mashimo na kumtafuta binti wa mfalme aliyetekwa. Sisi tulikuwa tumeanza kusomesha chuoni, na baada ya Isha tukikutana kwa jamaa yetu Mji wa Kale, watu wazima wenye kofia za vito, tukigombea zamu. Mwalimu wetu alipojua hakutukemea. Alituuliza tu hifdhi imefika juzuu ya ngapi, na usiku ule hatukwenda.

Basi mwezi uliopita tulipanda gari moshi hadi Nairobi, kisha matatu ya Thika, kumzuru dada yetu. Mwanawe afanyaye kazi Muscat amempelekea mashine ya Nintendo Switch pamoja na gemu mpya, Super Mario Bros. Wonder, iliyotoka tarehe 20 Oktoba 2023. Ni ya kwanza mpya ya mtindo ule wa kale, wa kutazamwa kwa ubavu, tangu mwaka 2012. Binti wa dada yetu anaishi Ruiru na wanawe wawili, mvulana wa miaka 13 na msichana wa miaka 6. Mvua za El Nino zilipokata shughuli, wote walihamia Thika kwa nyanya yao.

Huyo mvulana ndiye aliyekuwa mzigo wa nyumba. Mamake alitueleza kando, sauti imekatika: "Mjomba, nauli ya shule nampa, naye arudi kwa miguu, amelowa." Pesa zilikuwa zikiishia katika kibanda cha gemu mtaani. Huko vijana hucheza mpira wa kwenye kioo wawili wawili, na kanuni yao ni kwamba aliyeshindwa alipie wote wawili. Wazazi wengi hudhani hilo ni kodi ya mashine tu. Tunasema wazi: wawili wanapoweka hatarini mali zao, mmoja atoke bure na mwingine atozwe kwa kushindwa, hiyo ndiyo sura ya kamari waliyoikataza wanavyuoni wetu, na Suratul Maida aya ya 90 yajulikana na kila mtoto wa chuo. Laiti kila mmoja angelipia dakika zake, hukumu ingekuwa nyingine.

Kwa hiyo tulipoketi mbele ya Mario mpya hatukutafuta burudani peke yake. Tulitaka kujua kama atamvuta kijana huyu akae na dada yake.

Wanaokumbuka ile ya mwaka 2009, ya kwanza kuchezwa na wanne kwa pamoja, watakumbuka pia ugomvi wake. Wachezaji waligongana miili. Ukiruka vibaya wamsukuma mwenzio shimoni, ukitaka wamfanyia makusudi. Wanetu wawili walinuniana kutoka Alasiri hadi usiku kwa sababu ya shimo moja. Katika hii mpya, watengenezaji wameiondoa ile migongano. Wanne wapita pamoja kama watu wa safari moja. Anayeanguka hugeuka kivuli kieleacho, akapewa sekunde tano amguse mwenzake ili arudi mchezoni. Sisi tunajua, na watoto tuliwaambia, kwamba roho hairudishwi kwa kuguswa. Hii ni hadithi ya kioo. Lakini tulichokiona ni mvulana wa miaka 13, aliyezoea kuhesabu mabao ya kumtoza mtu pesa, akisimama palepale pa hatari na kupiga kelele, "Njoo kwangu, niguse!"

Binti mdogo alimchagua Yoshi, yule mnyama wa kijani. Katika wahusika 12 wa kuchaguliwa, hao Yoshi wa rangi nne na mwenzao Nabbit hawadhuriki na maadui, ingawa mashimoni huanguka kama wengine. Zaidi ya hayo, Yoshi aweza kumbeba mwenzake. Kwa hiyo kaka mtu alivuka mabonde akiwa mgongoni mwa mdogo wake, naye binti hakuacha kumkumbusha hadi chakula cha usiku.

Na saa ya kuhesabu kurudi nyuma, iliyokuwa ikituharakisha tangu 1985, imeondolewa. Hilo ndilo lililomwezesha dada yetu, mwenye miaka zaidi ya sitini, kushika rimoti na kumchukua Peach. Katika ile ya kwanza binti mfalme huyo kazi yake ilikuwa kutekwa tu. Hapa anakimbia na kuruka sawa na Mario, hakuna wa kumngoja. "Kumbe si mgumu," akasema dada yetu, kisha akaingia shimoni.

Lililo jipya zaidi ni Ua la Ajabu. Ukiligusa, ulimwengu hupinduka: mabomba hutambaa kama viwavi, mimea yenye meno huandamana ikiimba. Hujui kitakachofuata, na hiyo ndiyo ladha tuliyoipoteza katika zile za karibuni, ambazo zilifanana kama vikombe vya seti moja. Lipo pia tunda la kumgeuza mchezaji kuwa tembo, arushe maji kwa mkonga. Sisi tuliotoka kuwaona tembo wa Tsavo dirishani mwa gari moshi tuliona wamemchora mnene mno, lakini watoto hawakutusikiliza.

Aibu zake zipo. Mapigano na mwana wa Bowser hurudiwa karibu yale yale, na shabiki wa miaka thelathini huchoka. Mchezaji mmoja huvishwa taji, na kioo humfuata yeye. Anayebaki nyuma hugeuka kivuli bila kosa, na hapo ndipo manung'uniko ya kale yalirejea kidogo. Maua yasemayo yanapayuka muda wote, na Kiswahili hakimo katika lugha zao. Tuliyanyamazisha katika mipangilio, na muziki tukaushusha kwa rimoti ya televisheni. Tena bei: ilipotoka ilikuwa dola 60, yaani kama shilingi 9,000 kwa thamani ya wakati ule, bila mashine yenyewe. Mashine huja na rimoti mbili ndogo zinazotosha wachezaji wawili. Wanne wahitaji jozi nyingine. Hatumwambii mjane wala mwenye mshahara mdogo akakope. Nyumba mbili au tatu za jamaa zikichangia moja, kama Thika na Ruiru, inatosha.

Kama shabiki, twaiweka juu ya zote tulizocheza, isipokuwa ile ya tatu ya mwaka 1988, na hapo huenda ni ujana wetu usemao.

Jumamosi kabla ya kuondoka, mvulana alitwambia kwamba ana deni la shilingi 180 katika kile kibanda, naye amewekeza 110. Tukateremka naye Ruiru, tukamkamilishia. Mwenye kibanda, kijana mpole, alizihesabu, akakata jina daftarini, akatukaribisha tuketi. Tukamuuliza kama anayo ya Mario. Akacheka. "Hiyo haina wateja, mzee. Hakuna wa kumshinda mwenzake." Mjukuu wetu alikuwa ameshatoka nje, anatungoja barazani, mvua ikinyesha.