Carbo, Smith na Buckner: Waliodhulumiwa na Kamera

Kila Oktoba, timu mbili zinapoanza kugombea ubingwa wa besiboli ya Marekani katika World Series, televisheni huwarudishia mashabiki picha zilezile. Bill Mazeroski wa Pittsburgh anazunguka vituo akipunga kofia, mwaka 1960. Carlton Fisk wa Boston anarukaruka na kuusihi mpira kwa mikono usitoke nje ya mstari, mwaka 1975. Mpira unapenya katikati ya miguu ya Bill Buckner, mwaka 1986. Mashabiki wanazipenda kumbukumbu hizo na hakuna wa kuwanyang'anya. Ila kumbukumbu hizo hulitukuza tukio la mwisho na kulipita lile lililoifikisha mechi hapo, na upendeleo huo una watu unaowadhulumu.

Tuanze na Fisk. Ilikuwa mechi ya sita dhidi ya Cincinnati, na Boston ingefungwa usiku ule, mashindano yangekuwa yamekwisha. Katika kipindi cha nane cha mechi ya vipindi tisa, Boston ilikuwa nyuma kwa alama 6 kwa 3, na wachezaji wake wawili walikwishatolewa. Bernie Carbo, aliyetokea benchi, akaupiga mpira ukavuka ukuta na kuleta alama tatu kwa mpigo mmoja. Bila Carbo hakuna kipindi cha 12, na bila kipindi cha 12 hakuna mpigo wa Fisk ulioimaliza mechi. Lakini Carbo hakuwa na bahati ya Fisk: kamera iliyokuwa ndani ya ubao wa matokeo, kwenye ukuta wa kushoto, iliacha kuufuata mpira ikabaki na Fisk akipunga mikono, na picha ile ikawa ndiyo mechi yenyewe. Na si mechi tu. Kesho yake Cincinnati ilishinda 4 kwa 3 na kuchukua kombe, jambo ambalo mtu anayeijua fainali ile kwa picha peke yake hawezi hata kulihisi.

Hali ni hiyohiyo kwa Mazeroski. Mechi ya saba dhidi ya Yankees aliimaliza yeye, 10 kwa 9, lakini kipindi kimoja kabla, Hal Smith alipiga mpira wa alama tatu ulioiinua Pittsburgh kutoka nyuma hadi mbele, 9 kwa 7. Yankees wakasawazisha, na kusawazisha kwao ndiko kulikomfuta Smith. Hakufanya kosa lolote. Alipiga mapema mno. (Yankees, kwa taarifa ya wanaopenda hesabu, walifunga jumla ya alama 55 kwa 27 katika mechi zile saba na bado wakakosa kombe.)

Yupo atakayesema kwamba tukio la mwisho linastahili heshima yake kwa sababu baada yake hakuna nafasi ya kusahihisha, na kwamba kulifanya chini ya shinikizo lile kunahitaji moyo. Moyo naukubali. Hesabu siikubali: alama ya kipindi cha nane na alama ya kipindi cha tisa zina thamani moja kwenye ubao. Wengine watasema shabiki si mwanahistoria, anakumbuka kwa raha yake. Hoja hiyo ina nguvu pale anaponyimwa mtu sifa tu, maana Smith na Carbo walibaki na ubao wa matokeo kama shahidi wao. Inaanguka anapobebeshwa mtu lawama.

Buckner ndiye ushahidi. Boston, isiyo na ubingwa tangu 1918, iliongoza New York Mets 5 kwa 3 katika kipindi cha kumi cha mechi ya sita, ikibakiza mtu mmoja tu wa kumtoa ili ichukue kombe. Mrushaji Calvin Schiraldi akaruhusu mipigo mitatu mfululizo. Bob Stanley, aliyempokea, akarusha mpira uliompita mdakaji, na matokeo yakawa 5 kwa 5. Hapo ndipo mpira uliopigwa na Mookie Wilson wa Mets ulipompita Buckner, mlinzi wa kituo cha kwanza mwenye vifundo vibovu ambaye kocha John McNamara alikuwa na desturi ya kumpumzisha dakika kama zile, na safari hii hakumpumzisha. Mets wakashinda mechi, lakini uongozi ulikwishapotea kabla mpira haujamfikia. Kisha ikaja mechi ya saba, Boston ikaongoza 3 kwa 0, ikafungwa 8 kwa 5. Mashabiki wa soka wanaijua dhuluma hii kwa jina la Roberto Baggio: katika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1994, Waitalia wenzake Baresi na Massaro walikosa penalti kabla yake, na hata yeye angefunga, Brazil ilikuwa na mkwaju mmoja mkononi.

Buckner alipiga mipira 2,715 iliyomfikisha kituoni salama katika maisha yake ya uchezaji, lakini matusi yalimfuata miaka mingi. Boston ilimshangilia kwa muda mrefu aliporudi kurusha mpira wa ufunguzi uwanjani Fenway mwaka 2008, timu ikiwa imekwishabeba kombe mara mbili, 2004 na 2007. Kusamehe ukiwa umeshiba ni rahisi, na ukweli ni kwamba kosa la kusamehewa lilikuwa dogo kuliko lilivyosimuliwa. Wahariri wa televisheni wanayo mechi nzima. Mkanda wa Buckner wauanzie kwa Schiraldi, na wa Fisk wauanzie kwa Carbo.