Mashine ya Betri na Karatasi ya Mkopo

Ndugu zetu wavuvi wa Biharamulo wametuletea karatasi ya mkopo, wakiuliza kama yafaa kununulia mashine ya mtumbwi ya betri. Mashine yenyewe hatuna neno nayo: haimwagi oili majini wala haingoji petroli. Betri ya kilowati-saa mbili, mashine ikivuta kilowati moja, hudumu kama saa mbili. Tanga likisaidia, huzidi. Rusumo, kule Ngara, inazalisha megawati 80 kwa nchi tatu, lakini nani ataipeleka betri kuchajiwa kila alfajiri? Hilo nalo lina gharama.

Kizito ni karatasi. Ina riba, ijapokuwa imeitwa ada. Upande wa Kenya, wapo wavuvi wa Ziwa Victoria wanaokodi mashine na betri badala ya kununua. Hiyo ni ijara, nayo yajuzu, maadamu kodi na muda vimejulikana. Mali hubaki ya mwenyewe. Betri ikifa pasipo uzembe wa aliyekodi, hasara si yake. Sharti hilo liandikwe waziwazi. Tumewasihi wasitie saini kwanza. Ijumaa baada ya swala tutaketi nao, karatasi ikiwa mezani.