Bado mnakimbia, wanangu?

KIJIWENI MSOWERO
Na Bin Mkonge

Mtu mzima, raba mpya miguuni, kipenga shingoni, amejaza kiti cha plastiki chini ya mwembe, anafungua kikao: "Ndugu wajumbe, changamoto ni nyingi." Hapo hapo nikajua Jumamosi yangu imeliwa.

Kikao kilikuwa cha klabu yetu ya mbio. Jina lake siliandiki. Wenyewe walishalikosea kwenye bango, mimi nisiwe wa pili. Uzinduzi wake ulikuwa wa Januari: turubai, spika mbili, na mgeni rasmi aliyefika saa nne kuongoza mbio za alfajiri. Walikimbia kufuata lami ya Dumila, wakapigwa picha, na wengi wao wakarudi kwa bodaboda. Wiki iliyofuata walikuja nusu. Baadaye akawa anakuja mwenye kipenga peke yake. Masika yalipoanza, na kipenga nacho kikanyamaza.

Jumamosi iliyopita tukaitwa kwenye kikao cha kurudisha ari. Ilikuwa saa mbili asubuhi, mvua imepiga usiku na kukata, vumbi hakuna, njia ya mashambani imeshikana vizuri. Kama kuna asubuhi iliyoumbwa kwa ajili ya kukimbia, ni ile. Sisi tukakaa.

Ajenda ya kwanza ilikuwa fulana. Kijani ikakataliwa kwa sababu ina siasa, na juu ya siasa ina Yanga. Nyekundu ni Simba, nusu ya wajumbe wakatishia kujitoa. Bluu wakasema ni Azam. Ikabaki kahawia, rangi ambayo hakuna hata mmoja aliyeipenda, ndiyo ikapita kwa kauli moja. Kisha Katibu akatoa sampuli kwenye mfuko na kumpima nayo Mwenyekiti. Ikagoma juu ya kitovu. Akaivuta kushoto, akaivuta kulia, kitovu kikaendelea kutuangalia. Azimio: ziagizwe kubwa zaidi. Katika kikao cha klabu ya mazoezi, hakuna aliyependekeza kwamba labda tumbo ndilo lipungue.

Ajenda ya pili, changamoto. Mvua. Matope. Mbwa wa watu. Wenzetu wa Mikumi wana cha kusingizia: barabara kuu ya Morogoro–Iringa inapita katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na huko anayekimbia kwa miguu si mwanamichezo, ni kitoweo. Msowero simba ni wa jezi nyekundu tu.

Ikaja palizi. Nikawatazama waliokuwa wanailalamikia palizi: mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtumishi wa ofisi, dalali wa alizeti, na wawili ambao mashamba yao yanalimwa na vibarua. Palizi yao hufanywa kwa simu. Aliyeshinda na jembe kutwa hakuwepo kikaoni, wala hana haja ya klabu. Tunaohitaji jasho ni sisi tunaokula ugali wa mkulima kwa kipimo cha mkulima, kisha tunakwenda kukaa dukani hadi magharibi.

Halafu likaja lile la "watu watasema nini", na hapo nilikaa sawa, maana lina ukweli. Mtu mzima akionekana anakimbia hapa kwetu, mji mzima unasimama: kuna nini, nani kafa? Wahenga walishasema hakuna akimbiaye miibani bure. Kama hafukuzi nyoka, basi nyoka anamfukuza. Na ukipungua mwili ndiyo balaa, kesho wanaulizana unaumwa nini. Mwanamke akivaa suruali ya mazoezi, atajadiliwa mpaka kisimani. Nakubali, hicho ni kizuizi. Lakini dawa yake si fulana ya kahawia. Ukipita kila siku saa ile ile, baada ya wiki chache hawakuangalii tena, wanakusalimia tu. Ukipita kwa kishindo na spika mara moja kwa miezi mitatu, kila ukitokea wewe ni kioja kipya.

Mniache nichepuke kidogo. Lami ilipofika tulishangilia, na ilikuwa haki yetu. Anayekumbuka tope la zamani hawezi kuisema vibaya. Ila nyuma ya lami ikaja bodaboda, na bodaboda ikatunyang'anya miguu. Siku hizi mtu anapanda pikipiki kwenda kununua kiberiti. Dereva anamsubiri, anamrudisha, analipwa. Jioni mtu huyo huyo anatoa mchango wa klabu ili apate mahali pa kutembea. Nimemaliza, turudi kikaoni.

Tulipoanza ajenda ya kwanza alipita bibi mmoja, jembe begani, anashuka shambani. Tukamwamkia, akaitikia. Aliporudi, jembe bado begani na furushi la majani ya maboga kichwani, sisi tulikuwa tumefika kwenye "mengineyo". Akasimama, akazitazama raba zetu moja moja, safi hazina hata chembe ya tope, akauliza kwa upole kabisa: "Bado mnakimbia, wanangu?"

Mwenyekiti akajibu: "Bado, bibi. Tunajipanga."

Kikao kilichukua saa tatu. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi yenyewe ni hata kutembea haraka haraka, kule kunakokufanya uheme lakini bado unaweza kupiga soga. Saa tatu ni dakika 180. Wajumbe wangejadili fulana huku wanatembea, wangemaliza dozi ya wiki nzima na kubakiwa na chenji ya nusu saa. Ukiigawa dozi hiyo kwa siku saba, haifiki hata dakika 22 kwa siku. Katibu alitumia zaidi ya hizo kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita.

Mimi msimamo wangu ni mmoja. Mazoezi ya Msowero hayauawi na mvua, wala mbwa, wala palizi. Yanauawa na uzinduzi. Ukitangaza kwamba utapunguza mwili, unapigiwa makofi. Ukishapigiwa makofi, mwili unaona kazi imekwisha, unadai soda. Na tatizo si la Msowero peke yake. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi nchi nzima. Wazo zuri. Jumamosi ya pili yenyewe bado ipo kwenye kalenda. Hapa kwetu tumeigawia vikao vya harusi. Zanzibar wao huufungua mwaka kwa mazoezi ya viungo kila Januari 1, na nawavulia kofia. Januari 2 ndiyo siku ninayotaka kuiona.

Na Mwenyekiti aache kumtaja Simbu kama vile ni mjumbe mwenzetu. Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, alishika nafasi ya tano kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba ya dunia London 2017, kisha dhahabu Tokyo Septemba 2025, alipompita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42 na ushee. Kati ya shaba na dhahabu kuna miaka minane, na katika miaka hiyo mvua ilinyesha kwake pia. Sisi kati ya uzinduzi na ufufuo hatujafikisha hata miezi minne.

Mnayetakiwa kumuiga yuko karibu zaidi. Kuna mama hapa kwetu anauza pembejeo. Aliambiwa ana presha, na kwamba pamoja na dawa auchoshe mwili. Hakuitisha kikao. Alikata kamba ya katani, ambayo wilayani kwetu Kilosa haijawahi kuwa adimu, na kila asubuhi kabla ya kufungua duka huiruka pekupeku stoo, kwenye uchochoro kati ya mifuko ya mbolea na magunia ya alizeti. Stoo haina tope, haina mbwa, haina majirani wa kuuliza nani kafa. Nilikwenda kununua mbegu mapema nikasikia tap tap tap ukutani, nikadhani anatwanga kitu. Alianza kwa kuruka kidogo tu, mpaka pumzi ikikataa anaacha, kesho anaongeza. Mtoto wake alipolazwa, kamba ilining'inia msumarini. Mtoto alipotoka, akaishusha akaendelea, bila kumtangazia mtu kwamba ameanza upya na bila kujiadhibu kufidia siku zilizopita. Mwenyekiti amemwalika awe mlezi wa klabu. Amekataa, anasema saa hizo za vikao huwa amechoka.

Nimeletewa taarifa kwamba klabu itazinduliwa upya fulana zikifika. Mgeni rasmi ameshapatikana, spika zimeshalipiwa kianzio, na kamati ndogo ya itifaki inakutana keshokutwa, kwa kukaa. Nawaombea heri. Ila mjue mnashindana na nani. Kitambi hakijawahi kuunda kamati, hakijawahi kuchangisha fulana, hakijawahi hata siku moja kuahirisha kwa sababu ya mvua. Ndiyo maana mpaka sasa kinaongoza.