Nani Atasimama na Mama Mdogo Mahakamani?

Iringa, Aprili 2025



Wiki iliyopita darasani mwalimu alituuliza kila mmoja anataka kuwa wakili wa nini. Wengi wakasema madini, ardhi, kesi za uchaguzi. Mimi nikasema hataza za dawa, yaani ile haki ya kampuni kuwa peke yake kutengeneza na kuuza dawa iliyovumbua. Darasa zima likacheka. Jamaa mmoja akaropoka, "Dada, utakula hewa!"

Acheni wacheke. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni 11.3% Iringa na 9.3% Mbeya, wakati nchi nzima ni karibu 5%. Mama mdogo wangu wa Uyole yumo kwenye hesabu hiyo, na ameniruhusu niandike bila kumtaja jina. Januari mwaka huu Marekani iliposimamisha misaada, alinipigia usiku: "Mwanangu, dawa zikianza kuuzwa itakuwa shilingi ngapi?" Nilikosa jibu.

Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye hataza. Mwaka 2000 dawa za kufubaza VVU za mwaka mmoja kwa mgonjwa mmoja zilizidi dola 10,000. Februari 2001 Cipla ya India ikatangaza dola 350, na iliweza kwa sababu sheria ya India wakati ule haikutoa hataza kwa dawa yenyewe. Dawa ni zilezile jamani!

Sisi nasi tuna mlango. Shirika la Biashara Duniani limeziruhusu nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo zisitoe hataza za dawa hadi 1 Januari 2033, na Tanzania bado imo, pamoja na mbwembwe zote za "uchumi wa kati" za 2020. Zanzibar waliutumia mlango huo kwenye sheria yao ya 2008. Bara tumekaa na Sheria ya Hataza ya 1987, ambayo haizitengi dawa. Kampuni zina mawakili wa kuisoma mstari kwa mstari. Wagonjwa wana nani?

Kenya walipata watu. Patricia Asero na wenzake wawili, wote wanaishi na VVU, walipinga sheria ya bidhaa bandia ya 2008, iliyoandikwa ovyo kiasi kwamba hata dawa halali za bei nafuu zingeweza kukamatwa kama feki. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akaamua kwamba haki ya uhai, utu na afya inatangulia miliki ya kampuni. Alikuwa na Katiba ya 2010 mkononi, na ibara ya 43 inaitaja afya waziwazi.

Yetu ya 1977, kwenye haki unazoweza kuzidai mahakamani, inakupa ibara ya 14, haki ya kuishi. Afya hamna. Na kana kwamba hiyo haitoshi, mwaka 2020 Bunge likarekebisha sheria ya kudai haki za msingi: anayefungua shauri aambatanishe kiapo kinachoonyesha yeye binafsi ameathirika vipi. Kwa hiyo mimi nikimaliza shule siwezi kumbebea mama mdogo kesi kwa niaba ya wote. Atatakiwa aape mwenyewe, jalada lisomwe, Uyole nzima ijue. Hivi waliotunga kifungu hiki hawakujua wanamziba nani mdomo?

Na sisi wenyewe tusijisafishe. Kila mkutano tunaimba Katiba Mpya, tukishuka jukwaani tunazungumzia tume ya uchaguzi tu. Naimba pia. Ila sijawahi kusikia neno hataza kwenye kikao chetu hata kimoja, iwe Mbeya au Iringa.

Viongozi wa vijana wa mikoa hii miwili, naomba mistari mitatu kwenye madai yetu: haki ya afya iweze kudaiwa mahakamani, kile kiapo cha 2020 kiondoke, na bara isitoe hataza za dawa hadi 2033. Nimeshaiandika, kurasa mbili. Natafuta kamanda wa kuiingiza kikaoni.